Bonane ya Ekonomi

Ko, ko, ko, kisha kimya kidogo, kisha ko. Hivyo ndivyo nyundo ya papa ilivyolia asubuhi ya siku ya mwisho ya mwaka, na mimi hadi leo nikisikia fundi anagonga ubao popote pale hapa Goma, masikio yangu yanakimbia yenyewe kurudi kwenye lupango yetu, ndiyo kusema ua na nyumba yetu. Papa alikuwa anapigilia misumari kwenye mulango wa ua. Mulango huo ulikuwa wa mbao za kuokotaokota, haukujua kufuli, siku zote ulifungwa kwa kamba, tena kamba ya adabu tu, ya kumuonyesha mutu kwamba hapa kuna mulango. Sasa papa alikuwa ameshika misumari kwa meno, anaongea kwa pembe ya mudomo, anacheka, anatuambia tusogee nyundo isije ikaruka.

Mama alisimama nyuma yake, kikapu kichwani. Kwa musumari wa pili akasema polepole, kama mutu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua:

"Papa ya watoto, irembo iliyoshikwa, unaipigilia musumari?"

"Ninapigilia wezi," papa akajibu. "Irembo yako haiumie."

Inafaa niseme maana ya neno hilo, kwa sababu mambo yote yamesimama juu yake. Irembo, kwetu sisi tunaosema Kinyarwanda, ni pale pa kuingilia lupango, pale mugeni anaposimama kabla hajakaribishwa. Kijana akitaka kuoa, watu wake hawaji kusema wamependa musichana. Wanakuja kushika irembo. Wakishaishika, kila mutu wa mutaa anajua kwamba musichana wa pale amepata wenyewe, na mama alitufundisha kwamba tangu siku hiyo irembo ile inakaa wazi na inafagiliwa kila asubuhi, kwani baraka za arusi haziruki ukuta. Irembo yetu ilikuwa imeshikwa na watu wa upande wa Bunagana, kwa ajili ya yaya wangu, ndiyo kusema dada yangu mukubwa. Arusi ilipangwa kuwa baada ya Pasaka.

Papa hakulelewa katika mambo hayo. Wazazi wake walimuacha angali mudogo, akakulia kwenye shamba la kahawa la muzungu, kati ya vibarua wa kila lugha, na mila alizijua kama mutu anayejua wimbo kwa kuusikia unapita njiani. Wakati wa nyundo ile alikuwa kapita, ndiyo musimamizi, kwenye depo, ghala ya kahawa karibu na ziwa. Huko ndiko alikookota lile neno, ekonomi. Kila siku ya mushahara, muzungu wa feza aliwaambia wafanyakazi wafanye ekonomi. Wengine, papa alitusimulia, walizani ni dawa ya tumbo. Yeye alielewa, akalileta nyumbani kama mutu aliyenunua redio. Taa ikawaka kidogo, akasema izimwe, tufanye ekonomi. Sabuni ikakatwa vipande vidogo, ekonomi. Hata mimi nikicheka sana aliniambia nifanye ekonomi ya meno.

Nami nilicheka zaidi. Sikuwa na shida na ekonomi, kwa kuwa papa alituambia akiba ile ni ya nini. Alitaka arusi ya yaya ailipe mwenyewe, yote, kwa mukono wake. Nguo nyeupe ya kushonwa na fundi, viatu vyeupe, kamyo, lori ya kukodi yenye majani na maua mbele, mikate, chai ya sukari kwa kila mutu, na bia ya chupa kwa wakwe. Katika mutaa wetu hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Mimi niliyeishia darasa la tano kwa mamasera, wale masista wa misioni, niliyekuwa ninaona picha kwenye kila ukungu na kila wingu, nililala na kuamka na kamyo ile. Niliiona inapanda njia ya Kibati, yaya amekaa mbele na ushungi wake mweupe, watu wamesimama kando ya njia wanauliza yule ni mutoto wa nani.

Lakini papa alikuwa na sababu nyingine, na mama ndiye aliyenieleza baadaye. Alipooa yeye, hakuwa na mutu. Wenzake wa shamba ndio waliomuchangia kila kitu, hata suruali. Na mumoja wao, kila walipokunywa, alimuuliza mbele ya watu kama bibi arusi anamutunza vizuri, maana na yeye ana sehemu yake ndani, aliyonunua kwa mutungi wa pombe. Ulikuwa mzaha. Papa aliubeba mzaha ule miaka yote, akaapa kwamba hakuna mutu atakayemwambia hivyo mume wa binti yake.

Sasa, ili mutu aelewe Bonane ile, sikukuu ya mwaka mupya, ajue Bonane za kabla yake. Kuanzia Noeli hadi siku ya mwaka mupya, sahani hazikupumzika mutaani kwetu. Mama alipika maharagi na viazi na nyama kidogo, akatandaza kitambaa juu, akanituma kwa jirani. Jirani alipokea, akahamisha chakula, na sahani haikurudi tupu hata siku moja. Tena ni hivyohivyo kwa pombe ya mutama: mutungi wetu mudogo ulikwenda huku, wa wengine ukaja huku. Jirani wa kwanza, wa ng'ambo ya njia, alikuwa mama mumoja Mwislamu, wazee wake walitoka Maniema na biashara. Yeye pombe hakuigusa, lakini Noeli alipokea sahani yetu kwa mikono miwili, na siku ya Idi ilirudi na pilau ambayo harufu yake ilitangulia kuingia ndani kabla ya mutoto aliyeibeba.

Tena wanawake wa mutaa walikuwa na likirimba yao, chama cha kuchangiana kwa zamu. Haikuwa ya feza, ilikuwa ya mutama. Kila mumoja alitoa kikombe, wakakusanya, na yule aliye na arusi au ubatizo ndiye anayepikiwa mitungi. Mama alikuwa ndani tangu nilipokuwa mudogo.

Papa aliyaangalia mambo haya kwa macho ya depo. Alimwambia mama kwamba kila sahani inayotoka ni mali inayotoka, na mutungi unaovuka irembo umepotea.

"Unarudi," mama akasema.

"Unarudi lini? Na ukirudi unarudi na nini? Mimi ninataka kitu ninachokiona ndani ya sanduku."

Mama akamueleza habari ya vikombe vya mutama, kwamba arusi ya yaya ikifika, mutaa muzima utakuwa na deni letu. Papa akacheka akasema hiyo ni ekonomi ya panya, kila mumoja anaficha katika tundu la mwenzake. Akamuomba atoke katika likirimba kwa mwaka huo tu. Alimuomba vizuri, bila ukali, na mama akatoka. Nafikiri kama papa angekuwa mukali, mama angebishana naye. Kwa upole ule alishindwa.

Noeli tulikula viazi vitamu na maharagi bila nyama. Yaya alipouliza kama hata mafuta hatutapata, papa akamwambia Yesu mwenyewe alizaliwa kwa ekonomi, hakukodi nyumba. Tulicheka hadi mama naye akacheka. Siku hiyo hatukutuma sahani. Zilizokuja tulizipokea, na mama akazirudisha na viazi vitamu juu, akisema tuko katika mipango ya arusi, wavumilie. Walivumilia. Hilo bado lilikuwa jambo la kueleweka.

Bonane ndiyo papa aliyoiogopa. Bonane watoto wanaingia kila lupango wakipiga kelele "Bonane! Bonane!" na huwezi kuwatoa bila kitu. Watu wazima wanaingia, wanakaa, wanaonja, wanahamia kwa mwingine. Lupango isiyo na kitu siku hiyo inaonekana hadi mwisho wa njia. Basi papa akapata akili: tuende Kibumba kwa nyanya, mama yake mama, tukae huko hadi sherehe ipite. Nani atakuja kudai Bonane kwa mutu asiyekuwepo? Ndiyo maana ya ile nyundo.

Tulipanda njia na baridi yake. Mimi nilikuwa ninaimba. Kibumba ukungu ulikuwa umekaa juu ya viazi, na nyanya alitupokea kwa moto na viazi vya kuchoma, akitupapasa nyuso mumoja mumoja. Kisha akamuuliza mama ni nani aliyebaki kwenye irembo. Mama akasema hakuna. Nyanya akauliza tena, akizani amesikia vibaya. Mama akamwambia papa amepigilia misumari. Nyanya akachukua kijiti. Aligeuza viazi kwenye majivu, akasema vinaungua, na vilikuwa haviungui.

Muchana ule mimi na yaya tulienda kuteka maji. Nilimueleza kamyo kwa mara ya mia, maua, mikate, chai, na yeye akanisikiliza kama mutu anayesikiliza mutoto. Nikamuuliza katika vyote hivyo ni kipi anachokipenda zaidi.

"Mudogo wangu," akasema, "mimi nguo hata ingekuwa ya kuazima. Ninataka tu wanawake wa mutaa wanisindikize. Waniimbie kuanzia kwenye nyumba hadi nipande."

Kwetu bibi arusi haondoki peke yake. Wanawake waliomuona akizaliwa wanamuzunguka, wanaimba, wanamulilia, wanamushika kama hawataki kumuachilia, na wakwe wanajua kwamba huyu ameng'olewa mahali penye mizizi. Musichana asiyeimbiwa anaingia kwa watu wengine kama muzigo ulioshushwa. Nilimwambia yaya kwamba wataimba bila shaka, tena wataimba zaidi, kwa sababu ya kamyo. Niliamini hivyo kabisa.

Tuliporudi Goma tulikuta mulango umefungwa vilevile. Juu ya ukuta wa mawe, kando ya mulango, palikuwa na sahani. Kitambaa kilikuwa kimeanguka kwenye mavumbi meusi, na kunguru walikuwa wamemaliza kilichokuwa ndani, wameacha punje za wali zilizokauka. Sahani tuliijua, ni ya mama wa ng'ambo ya njia. Bonane si sikukuu yake. Alikuwa ametuletea kwa sababu ni yetu.

Papa alizungumza na misumari, ilikataa kutoka. Mama alishika ile sahani kwa muda mrefu. Aliiosha, akafua kitambaa, akakianika, akakikunja. Kisha akatafuta ndani ya nyumba kitu cha kuweka juu yake, na ndani ya nyumba kulikuwa na vitu vya arusi peke yake, vya kuhesabiwa. Papa akasema ampelekee hivyo tu, yule mama ni mutu wa kuelewa, tutamulipa baada ya Pasaka. Mimi nilifuatana na mama. Yule jirani alipokea sahani tupu kwa mikono miwili, kama siku zote, akauliza kama safari ilikuwa nzuri, kama nyanya ni muzima. Mama akajibu yote. Hakuna aliyesema kitu kibaya. Tulipovuka njia kurudi, mama alikuwa anatembea kama mutu aliyevaa viatu vya kumubana.

Baada ya hapo hakuna aliyetugombeza. Laiti wangetugombeza. Walitusalimia, walituuliza habari, walitupisha kwenye njia ya maji. Wasichana wenzangu pale ziwani tu ndio waliotoa maneno. Nikichelewa kuinua ndoo walisema muacheni, anafanya ekonomi ya nguvu. Nilicheka pamoja nao, hata nikaongeza ya kwangu. Mimi nilizani ni utani wa kupenda. Labda mwanzoni ulikuwa hivyo.

Mwaka ule Idi ilifika muda kidogo baada ya Pasaka. Asubuhi mama alifagia irembo vizuri kuliko siku zote, akaondoa hata mawe madogo. Harufu ya pilau ilivuka njia. Tuliona watoto wakitoka na sahani, wakienda juu, wakienda chini. Mama alikaa mulangoni na kazi ya kuchambua maharagi ambayo yalikwisha kuchambuliwa. Muchana ulipopita aliinuka, akasema maharagi haya ni safi sasa.

Arusi ilipokaribia alizunguka mutaa nyumba kwa nyumba kuwaita watu, kama inavyofaa. Wote walimujibu tutakuja, mama. Papa alifurahi, akamwambia unaona, watu hawana shida. Mama akasema ndiyo, wamesema watakuja. Sauti yake ilinifanya nimutazame, lakini kichwani mwangu kamyo ilikuwa tayari inanguruma, nami sikuuliza.

Lazima niwe na haki: papa alitimiza kila alichosema. Nguo ilikuja, nyeupe, yenye vifungo vidogo mugongoni. Viatu vilikuja. Mikate ilikuja ndani ya vikapu viwili vikubwa. Chupa zilipangwa kwenye pipa la maji ya baridi. Aliazima mabenchi ya kanisa dogo, akayabeba na wenzake wa depo, akayapanga katika lupango safu kwa safu, moja upande wa wakwe, zote nyingine upande wa mutaa. Alirudi nyuma akayaangalia, kichwa upande, kama fundi. Nadhani hiyo ndiyo saa aliyokuwa na furaha kuliko zote katika maisha yake, na ninaomba Mungu asimunyang'anye.

Siku ya arusi, baada ya misa, wakwe walifika, wakajaza benchi lao, wengine wakasimama. Upande wetu walikaa wenzake papa wa depo, na wazee wachache wa mutaa waliokuja na nguo za kila siku, mikono yao juu ya magoti. Wanawake hawakuwepo. Mutungi haukuwepo hata mumoja. Papa aliendelea kutazama irembo na kusema wanachelewa, ndio wanawake hao, wanajipamba.

Mila yetu ni kwamba kabla ya mutu kuonja, mitungi iliyoletwa na majirani inapangwa mbele ya wakwe, na musemaji wa kwetu anaitaja: huu umetoka kwa fulani, huu kwa fulani. Wakwe wanaitikia kila mumoja. Pombe ni kidogo katika jambo hilo. Wanahesabiwa watu walio nyuma ya musichana, wale watakaouliza habari zake akinyamaza. Papa hakuweka musemaji. Alisimama mwenyewe akafungua chupa.

Muzee wa upande wa kijana, baba yake mukubwa, alishika chupa, akaisifu, akaiweka chini bila kunywa. Akasema:

"Chupa tumeziona, bwana, na ni nzuri. Sasa tuonyeshe mitungi ya mutaa, tusalimie wenyewe."

"Mitungi hakuna, muzee," papa akasema, kwa ile sauti aliyokuwa ameitunza tangu Noeli. "Vyote hivi munavyoona, nimelipa mimi mwenyewe. Sikuomba mutu."

Muzee yule alitazama mabenchi, safu kwa safu, bila haraka.

"Tunaona," akasema. "Bwana, sisi tulikuja kuoa mutoto wa watu. Hapa tunaona mutoto wa mutu."

Vijana wao wakacheka. Papa naye akacheka, alizani ni mzaha wa wakwe, na mzaha wa wakwe unachekwa. Kisha akaacha. Nilikuwa nimeshika sinia ya mikate, nikaona uso wake ukitafuta mahali pa kwenda. Hakuna chochote katika depo kilichomufundisha neno la kujibu pale.

Mama alikuwa ndani na yaya. Aliyasikia, ukuta wetu ulikuwa wa miti na udongo. Alitoka kwa mulango wa nyuma, nikamufuata bila kuitwa, akavuka njia moja kwa moja hadi kwa yule mama Mwislamu. Tulimukuta amekaa mbele ya nyumba yake, amevaa vizuri, mutandio mupya mabegani, kama mutu aliyejitayarisha akakosa pa kwenda. Mama alipiga magoti kumusalimia, jambo ambalo sikuwahi kuona akimufanyia mutu wa umri wake.

"Ulisema utakuja," mama akamwambia.

"Nilisema. Nilivaa, nikafika hapa, nikakaa." Alisema Kiswahili chake cha Maniema, kilichonyooka. "Mama, niliona mulango wenu na misumari siku ya Bonane. Nikasema pengine wanakimbia wezi. Sahani yangu ikarudi tupu. Basi nikasema, hapana, ni sisi ndio wanaotukimbia. Mutu anayekukimbia, utamufuata na sahani?"

Mimi nilingojea mama aseme hapana. Neno lilikuwa jepesi, hata mimi lilikuwa mudomoni mwangu: tulienda kumuona nyanya, nyanya alikuwa mugonjwa. Mama akasema:

"Ni kweli. Tuliwakimbia."

Nyuma ya ukuta wetu kamyo ilipiga honi, dereva alikuwa na haraka, njia ya Bunagana ni ndefu. Yule jirani akasimama, akatengeneza mutandio, akamwambia mama twende, mutoto asiondoke hivi.

Yaya alitoka nyumbani na ile nguo yake. Alipofika mulangoni alisimama, akatazama ua, akatazama mabenchi, akatafuta. Nilijua anatafuta nini. Mama alimushika mukono mumoja, mimi mwingine, na jirani akainama nyuma akainua pindo la nguo lisifagie mavumbi meusi ya mawe yetu ya moto. Mama alianza wimbo. Ni wimbo wa kuitikiwa, mutu mumoja anauita na wengi wanaujibu. Mimi niliujibu. Jirani hakujua maneno, nyimbo za kwao ni nyingine, akawa anaguna tu chini kwa chini mahali pa maneno. Sauti zetu zilikuwa nyembamba mno katika uwanja ule. Wanawake wengine walisimama kila mumoja kwenye irembo yake, na wawili watatu walipunga mukono. Hawakufurahi. Nilimuona mumoja anajifuta macho. Lakini hakuna aliyevuka njia, kwa sababu mutu hajipeleki mahali alipofungiwa.

Yaya alipanda kamyo bila kulia. Ilikuwa na maua mbele, kama nilivyoiona katika ndoto zangu zote. Iliondoka upesi.

Papa alimwambia mama mikate iliyobaki ipelekwe kwa majirani. Mama akasema leo hapana, watasema tunawapa mabaki. Ikakauka ndani ya vikapu. Neno ekonomi halikusikika tena nyumbani kwetu, na papa akawa mutu wa kukaa karibu na irembo jioni, akimuita kila anayepita aingie aonje kitu, hata wasiomujua. Mama alirudi kwenye likirimba na kikombe chake cha mutama, mwisho wa musitari, kama mugeni. Walimupokea.

Sisemi kuweka akiba ni kubaya. Nimejaribu sana kumuona papa ana kosa na ninashindwa. Alikuwa anaweka akiba kweli, na kila faranga aliyoweka aliitumia kwa mutoto wake. Alichokosa ni mutu wa kumwambia kwa lugha yake ya depo kwamba akiba ya arusi ilikuwa tayari imewekwa, miaka na miaka, katika nyumba za watu wote wa mutaa, na kwamba siku aliyofunga mulango ndiyo siku aliyoitupa. Mama alijua lakini hakuwa na maneno ya depo. Na mimi niliyejua lugha zote mbili kidogokidogo, mimi nilikuwa ninaota kamyo.

Yaya anaishi. Ana watoto. Mumewe si mutu mubaya. Ila huko kwao wanawake walimupa jina la utani, muke wa chupa, na alipojifungua wa kwanza waliuliza ni nani watakaokuja kutoka Goma kumusalimia mutoto. Tulikwenda mama na mimi, tukiwa na kikapu. Walitutazama nyuma, kuona kama kuna wengine njiani. Yaya aliniambia nisijali, majina ya utani yanazeeka. Hajawahi kumulaumu papa. Mara moja tu, tukiwa tunamenya ndizi, aliniuliza kama ninakumbuka ule wimbo ulikuwa na maneno gani katika sehemu ya kuitikia, kwa sababu siku ile hakuyasikia vizuri.

Asubuhi iliyofuata arusi, papa na mama walikuwa wangali ndani. Mabenchi yalitakiwa kurudi kanisani kabla ya misa. Nilitoka na kitambaa cha kuyafuta, lakini upande wa mutaa, ukitoa benchi la wazee na watu wa depo, hapakuwa na kitu cha kufuta, mbao zilikuwa safi kama zilivyokuja, na umande juu yake haujaguswa. Nilikaa kwenye benchi la kwanza, pale pembeni, magoti pamoja, kama mwanamuke aliyealikwa. Nilikaa kidogo, nikasema polepole, "Tumefika, mama." Kisha nikainuka nikakaa kwenye lililofuata, na lililofuata, nikiacha kila mahali alama ya nguo yangu kwenye umande, hadi mabenchi yote yakawa yamekaliwa.